Ndege ya Rimoti Inapokatika Mawasiliano: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Ndege ya mfano ikianguka, rubani wake husema kwanza kwamba mawimbi yamekatika, na mara nyingi sana hilo si kweli au ni kweli nusu. Mifumo mingi ya rimoti inayotumika sasa hufanya kazi kati ya gigahezi 2.400 na 2.4835, na hurukaruka kutoka chaneli moja kwenda nyingine kwa haraka, kiasi kwamba kelele iliyokalia chaneli moja haitoshi kuiangusha ndege. Ukichunguza ndege zilizoanguka utakuta kwamba chanzo huwa mara nyingi zaidi ni umeme unaoishia njiani kabla ya kuifikia risiva, yaani kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, kisha antena iliyolazwa vibaya, kisha mahali rubani aliposimama. Kuingiliwa na mitambo mingine kunakuja nyuma ya hayo yote. Kwa hiyo mtu anayekimbilia kuagiza risiva mpya kabla ya kupima chochote anaweza kuipeleka risiva hiyo mpya katika ajali ile ile.

Maelezo haya yanawalenga wanaorusha ndege katika mazingira ya Tanga, ambako hewa ya bahari hula shaba, na ambako maeneo yanayotamanika kwa kurusha ni ufukwe wa mchanga bahari inapokupwa au nafasi tupu katikati ya mashamba ya mkonge. Mazingira hayo mawili huleta matatizo tofauti kabisa.

Kwanza, weka mtego wa ushahidi

Kila risiva ya kisasa ina mpangilio wa dharura, ambao katika menyu ya rimoti huandikwa Failsafe. Hizo ni amri ambazo risiva huzitekeleza yenyewe pale isipoisikia rimoti. Wengi huuacha kama ulivyotoka kiwandani, na katika baadhi ya risiva hilo lina maana ya kwamba mota itaendelea kuzunguka kwa kasi ya mwisho iliyopokelewa, jambo ambalo ni hatari kwa watu na mali. Upange hivi: mota izime kabisa, aileroni (vibao vya nyuma ya mabawa) zibaki katikati, na usukani wa mkia uende kushoto kidogo.

Mpangilio huo una faida ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Mawasiliano yakikatika kweli huku risiva ikiwa hai, utaiona ndege ikizima mota na kuanza kuzunguka taratibu kuelekea kushoto. Lakini kama ni umeme uliopungua, risiva yenyewe imezimika na haina uwezo wa kutekeleza amri yoyote; servo, yaani mota ndogo zinazosogeza vibao vya ndege, zitabaki zilipokuwa, kisha zitashtuka kwa pamoja umeme unaporudi, na pengine utasikia mota ikitoa milio yake ya kuwaka upya. Dalili hizo mbili zinaonekana kutoka ardhini bila kifaa chochote, na zinakueleza sehemu ipi ya mwongozo huu uisome kwanza. Baada ya kupanga, ondoa panga la mota, washa ndege, kisha zima rimoti na uhakikishe kwamba yaliyopangwa ndiyo yanayotendeka.

Kama rimoti yako inapokea telemetria, yaani taarifa ambazo ndege huzituma ardhini, washa pia kumbukumbu yake ili ihifadhi volti za risiva na nguvu ya mawimbi wakati wa kuruka. Thamani ya chini kabisa iliyorekodiwa ndiyo yenye habari. Wastani hauna msaada.

Vyote vinaganda kwa muda mfupi, hasa katika kona kali au unaponyanyua pua ghafla

Hii ndiyo dalili ya umeme. Risiva nyingi za gigahezi 2.4 huzimika volti zinaposhuka kufikia karibu 3.5, ingawa zipo zinazovumilia chini zaidi. Zile za zamani zilichukua sekunde kadhaa kujiwasha na kuitafuta rimoti tena, na sekunde hizo zinatosha ndege iliyo chini kufika ardhini. Risiva mpya hurejea chini ya sekunde moja, na ndiyo sababu rubani huona mshtuko mdogo tu na kuupuuza hadi siku utakapotokea wakati wa kutua.

Katika ndege ndogo za betri, umeme wa risiva na servo hutoka kwenye kidhibiti mwendo cha mota, kupitia saketi iitwayo BEC. Vidhibiti vya bei nafuu hutumia BEC inayopunguza volti kwa kuzigeuza ziada kuwa joto. Tuchukue betri ya lithiamu ya seli tatu iliyojaa, yenye volti 12.6: ili kupata volti 5, saketi hiyo inalazimika kupoteza volti 7.6, na servo zikivuta ampea 1 tu, wati 7.6 zinageuka joto ndani ya kipande kidogo kilichofungiwa kwenye povu lisilopitisha hewa. Kwa betri ya seli nne, yenye volti 16.8, joto hilo linafika wati 11.8. Mchana wa kaskazi, wakati jua limeshakichoma kiwiliwili cha ndege kabla hata haijaruka, saketi hujizima ili isiungue. Hapo ndipo mtu hushangaa kwa nini ndege inaruka vizuri asubuhi na kumsaliti saa saba mchana akiwa na betri ile ile na rimoti ile ile.

Servo nazo zina lawama yake. Servo ndogo ya gramu 9 iliyokwama inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, na servo kubwa ya kidijitali yenye gia za chuma huvuta ampea 2 na zaidi. Nne kati ya hizo zikifanya kazi kwa pamoja zinaielemea BEC iliyoandikwa ampea 2. Pia angalia kama kuna waya wa kusukumia uliobana mahali, au bawaba iliyokazwa mno, kwa sababu servo inayolia hata pale ambapo hujagusa vijiti inakula umeme muda wote.

Kupima ni rahisi. Ondoa panga, chomeka waya za mita ya volti kwenye tundu lililo wazi la risiva, mwombe mwenzako azuie kidogo elevata (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) na aileroni kwa vidole, kisha zungusha vijiti vyote viwili kwa haraka. Volti zikibaki karibu na 5, ni vyema. Zikishuka chini ya 4.5, usiruke hadi upate sababu. Tahadhari moja: mita ya kawaida husoma polepole, na inaweza kuonyesha 4.8 wakati ambapo kwa kipande kidogo cha sekunde volti zilishafika 3.4. Ndiyo maana kumbukumbu ya telemetria inaaminika zaidi, na risiva ambazo taa yake humetameta baada ya kuzimika na kuwaka zinaaminika kuliko vyote.

Tiba ya kweli ni kuweka BEC ya pembeni ya aina isiyogeuza volti kuwa joto, yaani ile ya swichi, yenye uwezo wa ampea 5 au zaidi, na kuutoa waya mwekundu wa kidhibiti mwendo kutoka kwenye plagi ya risiva ili BEC mbili zisigombane. Kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 4700 iliyochomekwa kwenye tundu tupu la risiva husaidia kuziba mianguko mifupi sana ya volti, mradi upande wake wenye mstari, ambao ni hasi, uende kwenye waya wa kahawia au mweusi. Hata hivyo kapasita haiponyi BEC dhaifu; inaahirisha tu.

Kwa hapa kwetu pwani, ongeza ukaguzi wa kutu. Chomoa kila plagi na uitazame chini ya mwanga: pini inayotakiwa kung'aa ikiwa na ukungu wa kijani, hiyo ni shaba inayoliwa na chumvi. Swichi ya kuwashia ndege ni mshukiwa mkuu, kwa kuwa umeme wote wa servo unapita katika vibati viwili vyembamba ndani yake. Waya hasi wa betri za risiva za aina ya nikeli nao huoza kwa ndani huku ganda likionekana zima. Ukilimenya utakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi kama zilizopakwa masizi, na lehemu haishiki. Waya wa namna hiyo huonyesha volti kamili pale usipobeba mzigo, na ndiyo sababu unawadanganya watu. Usiusugue; ukate na uubadilishe wote. Na ukipeleka kazi kwa mafundi wa redio wa Ngamiani, ambao wengi mikono yao ni mizuri kuliko yetu, omba watumie lehemu yenye rosini na si ile dawa ya asidi ya kuunganishia mabati, maana mabaki yake huendelea kula waya miezi kadhaa baada ya wewe kulipa.

Servo moja tu inatetemeka

Usiilaumu redio. Mawimbi yakiharibika huathiri servo zote kwa pamoja. Hamishia servo hiyo kwenye tundu jingine la risiva: tetemeko likihama nayo, kipimo cha ndani cha servo kimechakaa, ibadilishe, likibaki kwenye tundu, risiva ina hitilafu.

Inafanya kazi mezani, lakini inakatika baada ya hatua chache

Hapa kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni antena ya risiva. Urefu wa wimbi la gigahezi 2.4 ni karibu milimita 125, na sehemu ya antena inayopokea kwa kweli ni robo ya hapo, yaani ile ncha ya milimita 31 hivi iliyo wazi, isiyofunikwa na wavu wa shaba. Urefu wote uliobaki ni njia tu ya kuleta mawimbi ndani. Ncha hiyo ikikatika, ikikunjwa mno au ikimenywa kwa wembe na mtu aliyedhani anausafisha waya, risiva inabaki kiziwi. Usiipunguze wala usiirefushe. Katika risiva ambazo antena hushikizwa kwa kifungo kidogo cha duara, kifungo hicho huchomoka baada ya kutua kwa kishindo, na kwa macho huonekana bado kimekaa. Kibonyeze hadi kilie, kisha ukishikilie kwa tone la gundi ya moto.

La pili ni rimoti zenye moduli ya itifaki nyingi, yaani kipande kinachoweza kuongea na risiva za kampuni tofauti. Moduli hizo zikiongea na risiva za kampuni ya FrSky kupitia chipu ya redio ya CC2500, masafa yake hayalingani kikamilifu na ya risiva, na hupaswa kusahihishwa kwa mkono. Katika menyu ya moduli kuna namba inayokwenda kutoka hasi 128 hadi chanya 127. Ipunguze hadi mawasiliano yakatike, andika namba hiyo, kisha iongeze hadi yakatike upande wa pili, halafu weka namba ya katikati. Watu wengi waliouza risiva zao kwa hasara walikuwa wanakosa marekebisho haya tu.

La tatu ni toleo la programu ya risiva. Risiva za FrSky za aina ya D16 zilitolewa kwa kanuni za Ulaya na kwa kanuni za Marekani, na toleo moja halioani na rimoti ya toleo jingine. Lakini hapo tatizo huonekana mwanzoni kabisa, kwa kuwa kuoanisha kwenyewe, yaani kuifungamanisha rimoti na risiva, kunakataa.

Inakatika ikielekea upande fulani, kisha inarudi yenyewe

Antena ya fimbo hutoa nguvu zake ubavuni, na karibu haitoi kitu kupitia ncha. Rubani anayeielekeza ncha ya antena ya rimoti kwenye ndege, akidhani anailenga, anaipa ndege mawimbi yaliyo dhaifu kuliko yote. Ikunje antena iwe imelala kuelekea kushoto au kulia, au isimame wima, ili ubavu wake ndio utazamane na anga unayorushia.

Ndani ya ndege, risiva yenye antena mbili ziwekwe kwa pembe ya digrii 90, moja ikilala na nyingine ikisimama. Antena iliyolala dhidi ya iliyosimama inaweza kupoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 20 au zaidi, kwa hiyo antena mbili zilizobandikwa sambamba kwa mkanda mmoja ni sawa na kuwa na moja. Ziepushe na nyuzi za kaboni, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme na huzuia mawimbi, na vilevile na betri, mota na nyaya nene. Kiwiliwili cha povu au mbao hakina tatizo. Kama ndege yako imeundwa kwa kaboni, ncha zote mbili zitoke nje, na zisitoke upande mmoja.

Ili kujua kama hili ndilo tatizo, fanya jaribio la umbali (limeelezwa mwishoni) huku mwenzako akiigeuza ndege: pua ikikutazama, kisha mkia, kisha kila bawa, kisha tumbo. Usomaji unaoanguka katika mkao mmoja tu unakuonyesha moja kwa moja kitu kilichojikinga mbele ya antena.

Inakatika ikiwa mbali na chini, hasa ufukweni

Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa kutoka rimoti hadi kwenye ndege. Yanahitaji nafasi ya wazi inayotuna katikati ya safari, iitwayo kanda ya Fresnel. Kwa gigahezi 2.4 na umbali wa mita 500, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha karibu mita 4. Rubani aliyesimama mchangani, rimoti ikiwa usawa wa tumbo, na ndege ikikata mita 2 juu ya ardhi mbali huko, ameshaifukia sehemu kubwa ya kanda hiyo ardhini ingawa macho yake yanaiona ndege bila kizuizi.

Mchanga mbichi wa ufukwe wa Raskazone maji yanapokupwa, na bahari yenyewe, huongeza tatizo la pili: vinarudisha mawimbi. Risiva hupokea mawimbi yaliyokuja moja kwa moja pamoja na yale yaliyodunda majini, na kuna sehemu ambazo hayo mawili hufutana. Rubani huona ndege ikikatika mahali pale pale kila mzunguko, na huanza kuhisi mambo mengine. Panda juu ya tuta au ukuta, nyanyua rimoti, na usiruke chini ukiwa mbali. Mita chache za kimo hubadilisha matokeo kuliko rimoti ya bei mara mbili.

Vivyo hivyo kwa minazi na mikoko. Majani yaliyojaa maji hunyonya mawimbi haya, na baada ya mvua ya masika huyanyonya zaidi. Mwili wa binadamu pia ni maji. Watoto wanaokusanyika mbele ya rubani, jambo lisiloepukika pindi mota inapolia, wanaweza kuwa kizuizi kikubwa kuliko simu zilizo mifukoni mwao; waombe kwa upole wasimame nyuma yako, ambako pia ni salama zaidi kwao.

Kwingine ni shwari, hapa panakataa

Baada ya kuondoa yote yaliyotangulia ndipo mtu ana haki ya kushuku kuingiliwa. Anza na vilivyo ndani ya ndege. Kamera yenye Wi-Fi iliyowashwa hutumia masafa hayo hayo sentimita chache kutoka kwenye antena yako, hivyo zima Wi-Fi yake. Mtambo wa video wa gigahezi 1.2 hutoa pia mawimbi ya ziada ya mara mbili ya masafa yake, yanayoangukia gigahezi 2.4, na nguvu yake mara nyingi ni kubwa kuliko ya rimoti. Ule wa 5.8 hauna shida hiyo. Mota za brashi hutoa cheche, na zinahitaji kapasita ndogo za seramiki za mikrofaradi 0.1 kati ya vituo vyake. Fanya jaribio la umbali vyote vikiwa vimezimwa, kisha washa kimoja kimoja, na mwishowe mota ikiwa nusu kasi huku ndege imeshikiliwa imara.

Nje ya ndege, hoteli za ufukweni zenye vituo vingi vya Wi-Fi huinua kelele kwa ujumla na kufupisha umbali, ingawa kwa kawaida hazikati mawasiliano ghafla. Lipo jambo moja ambalo ningependa lichukuliwe kwa uzito zaidi: mifumo ya masafa marefu ya megahezi 915. Imetengenezwa kwa kufuata kanuni za bara la Amerika. Afrika iko katika kanda nyingine ya mgawanyo wa masafa, na hapa megahezi 880 hadi 915 ni njia ya simu za GSM kwenda mnarani, na 925 hadi 960 ni njia ya mnara kuja kwenye simu. Anayerusha 915 karibu na mnara wa simu anazibwa masikio na mnara, na yeye pia anausumbua mnara. Kwa mahitaji ya kawaida ya ndege unayoiona kwa macho, 2.4 inatosha kabisa, na maswali ya masafa yanayoruhusiwa yapelekwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Urushaji wenyewe unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Tanga hauko mbali na mji, uchaguzi wa mahali si suala la mawimbi peke yake.

Rimoti za zamani za megahezi 27, 35, 40 au 72

Hizi bado huingia pamoja na mitumba. Antena ndefu ya rimoti ivutwe yote, waya wa antena wa risiva unyooshwe bila kukatwa, na fuwele (vipande vinavyopanga masafa) za rimoti na risiva ziwe za chaneli moja. Watu wawili wakiwasha chaneli moja, ndege moja itaanguka. Hakuna marekebisho yanayoweza kulizuia hilo isipokuwa kukubaliana kabla ya kuwasha. Vyuma vinavyogusana na kutikisika, kama kiungo cha chuma kwenye pembe ya chuma, navyo hutoa kelele katika masafa haya. Kwa maoni yangu, rimoti ya namna hii ni ya kuhifadhi kama kumbukumbu, na ndege iliyokuja nayo ipewe redio mpya.

Jaribio la umbali, na mwisho wa uvumilivu

Rimoti nyingi zina hali maalumu inayopunguza nguvu ili ujaribu karibu. Katika rimoti za FrSky umbali hupunguzwa hadi sehemu moja ya thelathini, kwa hiyo mita 30 za jaribio zinalingana na mita 900 angani. Weka ndege juu ya meza ya mbao au sanduku, si chini kwenye nyasi, kwa sababu ardhi itakupa matokeo mabaya yasiyo ya kweli. Tembea ukihesabu hatua huku ukichezesha elevata, na uandike pale servo zinapoanza kusitasita. Namba hiyo iandikwe ndani ya mfuniko wa betri. Siku ikipungua kwa robo bila sababu, usiruke.

Kwenye programu za rimoti za OpenTX na EdgeTX, onyo la kwanza la nguvu ya mawimbi kwa risiva za FrSky huwa 45 na la pili 42. Ukisikia la kwanza, geuza ndege na uinyanyue, usingoje la pili. Kumbuka kwamba kila umbali unapoongezeka mara mbili hupotea desibeli 6, hivyo usomaji unaoshuka polepole ni umbali tu, na ule unaotumbukia ghafla una sababu ambayo imeshatajwa hapo juu.

Baada ya kurekebisha, ruka mizunguko ya karibu yenye kimo cha kutosha, shuka, soma thamani za chini kabisa, ndipo uende mbali. Kama umeme umepimwa, antena ni nzima, mahali pamebadilishwa, na mpangilio wa dharura bado unajitokeza angani, basi sasa ni halali kuibadilisha risiva. Hiyo iliyotolewa ikatwe antena au iandikwe alama nyekundu, isije mtu mwingine akaiokota kwenye sanduku la vifaa na kuirudisha angani.